Kisu cha kipepeo kinavyosema na mkono

Kabla ya kukizungusha kisu chochote cha kipepeo, huwa nakishika kwa mpini mmoja, nauacha mpini wa pili uning'inie, kisha nautikisa taratibu kushoto na kulia huku nimefumba macho. Mtihani huu nimeutoa kazini. Mimi hutengeneza vyerehani hapa Mwembe Tayari, Mombasa, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba, na jambo la kwanza alilonifunza ni kulishika gurudumu la cherehani na kulisukuma ndani na nje ili nisikie iwapo shafti inacheza kwenye bushi zake. Macho hayauoni mlegeo wa sehemu chache za mia za milimita, lakini vidole huusikia mara moja. Watu wanaoviona visu hivi kwa mara ya kwanza huuliza bapa ni la chuma gani na makali yake yakoje. Mimi nimekaa navyo zaidi ya miaka kumi, na imani yangu ni kwamba tabia yote ya kisu cha kipepeo imo katika viungo vyake viwili vidogo, pale mipini inaposhikana na msuka wa bapa, yaani shina lake lisilo na makali, na kwamba mengine yote hufuata hapo.

Kwa asiyewahi kukishika, kisu hiki kina mipini miwili. Kila mpini umefungwa kwenye msuka kwa pini yake, nayo mipini huzunguka kuelekea pande tofauti: ikikutana upande mmoja hulifunika bapa lote kama ganda, na ikikutana upande wa pili bapa hubaki wazi, nayo miwili ikawa mpini mmoja uliokamilika. Tuna usemi wa aliyeshika mpini na aliyeshika makali, tukimaanisha mwenye nguvu na mnyonge. Katika kisu cha kipepeo usemi huu hupata utata, kwa sababu mpini mmoja ni wa salama, ule unaopokea mgongo wa bapa kisu kinapofungwa, na mwingine ni wa kuuma, ule unaopokea makali. Anayeushika mpini wa kuuma na kuanza kukizungusha ameshika makali bila ya kujua, na bapa likirudi litakutana na vidole vyake. Ndiyo maana visu ninavyofanyia mazoezi ni vya bapa butu lenye matundu, lisiloweza kukata hata karatasi, isipokuwa kimoja, ambacho ndicho kilichonitia katika mapenzi haya.

Kisu hicho tulipewa na baharia Mfilipino mwaka 2011. Meli zinazotia nanga Kilindini huwa na mabaharia Wafilipino wengi, na huyu alifika dukani kwetu na begi la turubai lililopasuka mshono. Baba alilishona palepale na hakutaka malipo. Siku ya pili yule baharia alirudi na kisu kilichofungwa ndani ya kitambaa, akatueleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba kinatoka kwao Batangas, ambako katika mji wa Taal kuna mtaa unaoitwa Balisong, jina lilelile la kisu, na kwamba mafundi wa huko hufua mabapa kutokana na chuma chakavu, hasa springi za magari na beringi kuukuu. Wafilipino hukiita pia beinte nueve, yaani ishirini na tisa, na maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba huo ndio urefu wake kwa sentimita kinapokuwa wazi. Hiki cha kwetu nilikipima kikatimia sentimita 26. Mipini yake ni ya shaba ya manjano iliyobandikwa vipande vya pembe ya nyati wa kufugwa, na viungo vyake havina skrubu hata moja, ni riveti zilizogongwa kwa nyundo pande zote mbili.

Kwa mtihani wangu wa kutikisa, kisu hiki hushindwa vibaya. Mpini unaoning'inia huyumba waziwazi, na ukikizungusha hutoa sauti nzito ya kugongana, kama mlango wa mbao unaofungwa na upepo. Hata hivyo, sijapata kisu kingine kinachotabirika kama hiki. Shaba ya manjano ina uzito wa karibu gramu 8.5 kwa kila sentimita ya ujazo, na katika kisu hiki imelundikana mwishoni mwa mipini, mbali na kiungo, kwa hiyo mpini ukishaanza kuzunguka haukatizi njiani. Huenda taratibu, kwa mduara mpana, mpaka ufike unakokwenda. Mkono unapata wasaa wa kujua mpini uko wapi. Pembe nayo ina sifa ambayo sijaikuta kwenye madini yoyote: huchukua joto la kiganja mara moja na haitelezi unapotoka jasho, na kwa mtu anayeishi Mombasa hilo si jambo dogo. Nikikizungusha, hulifunga bapa lake kwanza kwa utepe mnene wa kitambaa, na hufanya mizunguko miwili mitatu ya msingi tu, ule wa kufungua na ule wa kufunga, kwa heshima ya kile kilicho ndani ya utepe.

Cha pili nilikinunua mtandaoni kwa bei ndogo, kisu cha mazoezi cha chuma cha pua kizito cha gramu 156, na sina mengi mazuri ya kukieleza. Skrubu zake ukizikaza mipini inakuwa migumu kama bawaba yenye kutu, ukizilegeza nusu ya nusu ya mzunguko mipini inacheza, na katikati ya hali hizo mbili hakuna mahali pa kusimama. Baya zaidi, kilinifunza ubaya. Kwa kuwa viungo vyake vilikuwa vinakwama, nilizoea kuusukuma mpini kwa nguvu za kifundo cha mkono ili umalize mzunguko, na mazoea hayo yalinichukua karibu nusu mwaka kuyaacha nilipopata kisu kilicho sawa. Humwambia kila anayeniuliza aanze na kisu gani kwamba asianze na hiki cha bei ya chini kabisa, hata kama ni butu na hakiwezi kumkata, kwa maana mkono ukifundishwa uongo mwanzoni hukaa nao muda mrefu.

Cha tatu ndicho ninachokizungusha kila siku baada ya swala ya alasiri, duka linapopoa. Ni cha alumini, gramu 109 kwa mizani ya dukani kwangu, na kimetengenezwa kwa mtindo ambao wenye kuvijua huuita wa chaneli. Tofauti hii ya mitindo inastahili kuelezwa vizuri, maana mkono huisikia. Katika mtindo wa sandwichi, kila mpini ni mbao mbili za madini zilizoshikanishwa kwa skrubu na vipande vya kati, kwa hiyo unaweza kuzifungua, kuzisafisha na kuzibadilisha, lakini kila skrubu ni mahali pengine pa kulegea. Katika mtindo wa chaneli, mpini wote umechongwa kutoka kipande kimoja cha madini, kikatobolewa mfereji wa kupokea bapa. Mpini wa namna hii haupindi wala haujikunji unapoubana, na sauti yake huwa moja, safi, kama kijiko kinachogonga ukingo wa bilauri. Ukiwa na mpini wa sandwichi unahisi umeshika vitu kadhaa vilivyokubaliana kukaa pamoja. Ukiwa na wa chaneli umeshika kitu kimoja.

Kiungo cha kisu hiki kina bushi, na bushi ni jambo ninalolifahamu. Ni mrija mfupi wa shaba, mdogo kama punje ya choroko, unaokaa ndani ya tundu la msuka na kupitiwa na pini. Urefu wake ni mkubwa kuliko unene wa msuka kwa sehemu chache tu za mia za milimita. Ukikaza skrubu, mpini hubana mrija wala haubani bapa, kwa hiyo unaweza kukaza mpaka mwisho na bado bapa likazunguka kwa uhuru ndani ya ile nafasi ndogo iliyobaki. Nafasi ikizidi, mipini inacheza, ikipungua, inakwama. Ubora wote wa kisu umo katika nafasi hiyo isiyoonekana, kama vile ubora wa cherehani ulivyo katika nafasi iliyopo kati ya ncha ya ndoana na sindano, ambayo mteja hajui kama ipo lakini huijua mishono inaporuka.

Baada ya miaka miwili ya kuzungushwa kila siku, bushi zangu zilikuwa zimelika, nikaenda kwa mzee mmoja mkerezaji ambaye karakana yake iko upande wa Shimanzi na ambaye amenikerezea vipuri vya vyerehani tangu baba yu hai. Nilimwekea bushi ile mezani, akaivaa miwani, akaipima kwa kipimo chake, akaniuliza inakaa wapi. Nilipomwonyesha kisu alikishika, akakitikisa kama ninavyokitikisa mimi, akasema, "Mwanangu, hiki kinataka utaratibu, hakitaki nguvu." Alinikerezea bushi nne za shaba, akaziacha kwa makusudi ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Nilizipeleka nyumbani, nikaweka karatasi ya msasa laini juu ya kioo, nikawa nasugua kila bushi mara tano, naosha, nafunga kisu, nakijaribu, nafungua tena. Ya kwanza niliiharibu kwa kusugua mara nyingi kwa pupa. Ya pili na ya tatu zilikaa. Jioni ile nilipokitikisa kisu, mpini ulining'inia kimya kabisa, na nilipouinua na kuuachia ulianguka kwa uzito wake wenyewe bila ya kukwama popote. Nimewatengenezea watu mamia ya vyerehani, lakini furaha ya kazi ile ndogo bado naikumbuka mkononi.

Mkononi, kisu cha alumini ni kinyume cha kile cha Batangas. Alumini ina gramu 2.7 tu kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo mpini huanza haraka na kusimama haraka, na kila mzunguko unadai kidole kifanye kazi yake. Ukichelewa kidogo, mpini umeshapoteza mwendo na unaanguka. Mwanzoni niliona ni kasoro. Leo naona ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu hakikufichii kosa. Ukikosea kukiviringisha juu ya kidole gumba, unajua palepale kwamba kosa limetoka kwenye kidole wala halikutoka kwenye kisu. Tatizo lake ni msimu. Wakati wa kusi, upepo ukivuma na ngozi ikiwa kavu, kinashikika vizuri. Kaskazi ikiingia, joto la Januari na Februari likilowesha kiganja, alumini iliyotiwa rangi huwa nyororo kama sabuni, na mara mbili kimeniponyoka kikaruka mpaka chini ya meza ya wateja. Tangu hapo huweka kitambaa cha pamba begani, na hukausha vidole kila baada ya dakika chache.

Cha nne si changu. Rafiki yangu aliyefanya kazi Dubai kwa miaka mingi alirudi nacho, akaniazima kwa mwezi mzima, kisu cha mazoezi cha titaniamu chenye beringi. Titaniamu iko kati, gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, wakati chuma cha pua kinakaribia 8, na mtengenezaji aliutumia ukati huo kwa akili kubwa: alitoboa matundu karibu na kiungo na kuacha mipini minene mwishoni, kisu kizima kikawa gramu 127 lakini uzito ukaelemea pale unapohitajika. Tofauti nyingine ni mahali zilipo pini za kuzuia. Kwenye visu vyangu vingine, pini hizo zinazoizuia mipini isigonge bapa zimepigiliwa kwenye msuka. Kwenye hiki zimo ndani ya mipini yenyewe, nao msuka umechongwa vijinafasi vya kuzipokea, kwa hiyo mgongano husikika laini na wa ndani zaidi.

Nilikuwa na hamu kubwa ya kukishika, na wiki ya kwanza sikukipenda. Kwenye bushi kuna msuguano mdogo wa shaba na chuma ambao ni kama mnong'ono. Unakuambia mpini umefika wapi hata usipoutazama. Beringi zimeuondoa mnong'ono huo. Mipini huzunguka kana kwamba haijafungwa popote, na mkono wangu, uliozoea kusikia, ukawa kama umewekwa pamba masikioni. Wiki ya tatu nikaanza kuelewa kwamba kisu hiki hakisemi kwa msuguano, kinasema kwa uzito, na kwamba inanipasa kusikiliza ncha ya mpini badala ya kiungo. Nikaweza kukirusha hewani na kukidaka kwa wepesi ambao sikuwahi kuupata kwa kisu changu. Bado, kama ningeambiwa nichague kimoja tu, ningerudi kwa alumini na bushi zake za shaba, na sababu ni mji huu ninaoishi.

Hewa yetu ina chumvi. Bati hulika, bawaba hulika, sindano za cherehani zikiachwa nje ya mafuta kwa wiki mbili huota madoa, na hata chuma kinachoitwa kisichoshika kutu hupata vitobo vidogo vyeusi kikiachwa na jasho. Titaniamu yenyewe haijali chumvi hata kidogo, lakini beringi zile ni vijigololi vya chuma vilivyojipanga ndani ya kijia chembamba, na punje moja ya mchanga wa pwani ikiingia humo unaisikia kama jiwe ndani ya kiatu. Nililazimika kukifungua kisu cha rafiki yangu mara mbili katika mwezi mmoja, nikaziosha beringi kwa mafuta ya taa na kuhesabu gololi moja moja juu ya kitambaa cheupe. Bushi haitaki shida hiyo. Naipangusa, naitia tone moja la mafuta ya cherehani, yale meupe yasiyogandamana, na naendelea. Mafuta mazito ya injini hayafai. Hushika vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa msasa unaokula shaba taratibu.

Visu hivi sivitoi nje ya nyumba na duka, hata vile butu. Mombasa imeumizwa na vijana waliopita mitaani na mapanga, na mama anayekiona kitu kinachomeremeta mkononi mwa kijana hawezi kujua kutoka mbali kwamba hakina makali. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi kisheria. Ujerumani ilivipiga marufuku mwaka 2003, na Uingereza, iliyozuia kuvitengeneza na kuviuza tangu 1988, ilizuia mwaka 2021 hata kuwa navyo nyumbani. Marekani, kwa upande wake, ndiko vilikopata umaarufu wa kisasa, pale Les de Asis alipoanzisha karibu mwaka 1980 kampuni iliyoitwa Bali-Song, ambayo leo inajulikana kwa jina la Benchmade na bado inatumia kipepeo kuwa nembo yake. Naielewa hofu ya wanaovizuia. Ninachoomba ni kwamba ustadi wa vidole usichanganywe na ukorofi. Sisi watu wa pwani tuna kirumbizi, ngoma ya fimbo ambayo wazee wanaicheza harusini mbele ya watoto, na hatumwiti mchezaji wake mgomvi. Tunamtazama anavyoipokea fimbo ya mwenzake na tunajua amekaa miaka akijifunza kutomuumiza mtu.

Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka kumi na minne, alinishikilia kwa muda mrefu: "Khalu, na mimi nifunze." Nilimnunulia cha plastiki. Ni chepesi mno, hakina uzito wa kukimaliza mzunguko, na kwa mtu mzima hakina ladha, lakini kwa mkono mdogo unaoanza kinatosha, na kikimgonga kwenye kifundo cha kidole analia kidogo na kuendelea. Sharti langu lilikuwa moja, kwamba kila anapokiokota aseme kwanza upi ni mpini wa salama, na aseme bila ya kutazama. Amechora alama kwa kucha kwenye mpini huo. Wiki iliyopita nilimficha alama kwa utepe, nikampa, akakitikisa mara moja akiwa amefumba macho na akajibu sawasawa. Nilipomuuliza amejuaje, alisema kwamba upande wenye kikomeo, kile kilimi kidogo kinachoifunga mipini pamoja, unaanguka mzito zaidi, na ni kweli, kikomeo kiko kwenye mpini wa kuuma.

Siku chache baadaye nilikwenda tena Shimanzi, safari hii na kisu cha Batangas mfukoni mwa begi la vipuri, bapa limefungwa utepe. Nilikuwa nimepanga kumwomba mzee azitoe riveti zile za zamani na anikerezee bushi, ili mlegeo wake uishe na kisu kikae kama kile cha alumini. Mzee alikigeuza mara kadhaa kwenye mwanga wa mlangoni, akaipapasa pembe, akazitazama riveti kwa miwani. Hakuiwasha mashine ya kukereza. Alikiweka kiungo juu ya kipande cha reli anachokitumia kama fuawe, akachukua nyundo ndogo, akagonga kichwa cha riveti ya kwanza mara mbili, akakigeuza, akagonga ya pili mara moja, akakitikisa karibu na sikio lake. Kisha akanirudishia na kuendelea na kazi aliyokuwa nayo. Nilikifungua na kukifunga palepale karakanani. Mpini bado unacheza kidogo sana, kiasi cha unywele, na ile sauti ya mlango wa mbao imebaki palepale.